Nyaya Nne za Tokie

Mkuu mpya wa karakana alifika Jumatatu, na ilipofika Jumatano wanawake wa laini ya tatu walikuwa wameshakubaliana kwamba huyu si mtu wa kuaminiwa. Hakuwa amegombana na yeyote. Hakuwa amepaza sauti. Alichofanya ni kuchora duara la chaki sakafuni, hatua sita kutoka laini yao, akaingia ndani yake na kusimama humo tangu mazoezi ya viungo ya asubuhi mpaka kengele ya chakula cha mchana, mikono nyuma, bila daftari, bila saa ya kupimia, bila hata kukohoa.

"Bwana Amemiya kajipanda kama mche," Ruriko alinong'ona bila kuinua uso. "Nani ana ndoo? Tukammwagilie."

Wenzake walichekea puani. Fusae hakucheka. Alikuwa ameona kitu ambacho wengine hawakukiona, au aliamini kuwa amekiona, na kwa mtu mwenye wasiwasi hayo mawili hayana tofauti. Macho ya bosi mpya hayakuwa yakizunguka laini nzima. Yalikuwa yakienda kwa Tokie, yanarudi, yanakwenda tena.

Fusae Hakamata alikuwa na miaka hamsini na minne, na kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameimaliza hapo hapo, kwenye kiwanda cha nyaya za magari nje kidogo ya Toyohashi, nafasi ya tatu katika laini ya watu watano. Kazi yenyewe haina miujiza. Ubao mrefu wenye vigingi unateleza mbele yako, unapanga nyaya, unazichomeka kwenye soketi za plastiki mpaka zilie "ta!", unazifunga utepe, unamsukumia wa pembeni yako. Fungu moja kila dakika, mafungu mia nne na hamsini kwa siku. Ukiuliza kiwandani nani fundi wa kazi hiyo, vidole vyote vilimwelekea yeye.

Wa pembeni yake, nafasi ya nne, alikuwa Tokie Ban, miaka sitini na moja, mwenye mume aliyelala kitandani tangu apooze upande mmoja, na mwenye vidole gumba vilivyovimba viungo. Karatasi ya kazi ilimtaka Tokie achomeke nyaya kumi na moja. Alikuwa akichomeka saba. Zile nne nene, ngumu kuliko zote, Fusae alikuwa akizichomeka yeye kabla ya kumsukumia ubao, haraka haraka, kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukifunga utepe. Mwaka wa pili huo. Hawakuwahi kulizungumza. Fusae alichukulia kwamba Tokie anajua na anashukuru, na kwamba shukrani yenyewe ndiyo kile kipande cha chikuwa, andazi la samaki, ambacho Tokie alimwekea kila mchana juu ya kifuniko cha bakuli lake.

Sasa ilikuwa tarehe sita Septemba. Mikataba ya wafanyakazi wa muda, na wote watano walikuwa wa muda, hata huyo mwenye miaka kumi na saba kazini, ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Bosi akizigundua hizo nyaya nne, mkataba wa Tokie hautapigwa muhuri. Fusae aliliona hilo wazi kama anavyoyaona makunyanzi ya mikono yake.

Na hakuwa anaota. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Fusae alikuwa ameumwa kweli. Miaka kumi na moja nyuma, enzi za mkuu aliyeitwa Kusaka, kila mfanyakazi alitakiwa atoe pendekezo la kuboresha kazi. Fusae, mjinga wa wakati huo, alipendekeza rafu ya utepe iliyokuwa nyuma yao iletwe mbele, ining'inizwe usawa wa kifua. Basi, hilo tu. Wakaacha kugeuka, kila mtu akaokoa sekunde chache. Kusaka akamwita mbele ya kiwanda kizima, akampa bahasha ya yen mia tano, watu wakapiga makofi. Miezi miwili baadaye zile sekunde zilijumlishwa, laini ya watu sita ikawa ya watu watano, na aliyetoka alikuwa Yasuyo, rafiki yake wa kwenda na kurudi kwa baiskeli. Yasuyo hakumlaumu. Alifanya baya zaidi: aliacha kumsalimia. Mpaka leo wakikutana dukani Yasuyo anageukia figili, anazichagua mpaka Fusae apite.

Tangu hapo Fusae aliendelea kujaza fomu ya pendekezo kila mwezi, maana ilikuwa lazima, ila aliandika mambo yasiyoweza kumdhuru mtu. Tufagie chini ya meza. Tufagie vizuri zaidi chini ya meza. Mwezi mmoja, mawazo yalipomwishia, aliandika ufagio uning'inizwe ukutani. Mwezi uliofuata akaandika ushushwe. Yote mawili yalipigwa muhuri wa kukubaliwa.

Alhamisi asubuhi, baada ya mazoezi, Amemiya alilibeba sanduku la mapendekezo kwa mikono yake mwenyewe, akaliweka nje karibu na mapipa ya taka.

"Kuanzia leo hakuna fomu," alisema. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane hivi, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeomba njia. "Mtu akiona kitu kinachomsumbua kazini, aje aniambie. Hata neno moja linatosha. Na lingine. Hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu kazi imekuwa nyepesi."

Maneno hayo ya mwisho aliyaandika pia kwenye karatasi, akaibandika ukutani, jina lake chini, muhuri wake mwekundu pembeni.

Mchana, kwenye meza yao ya kulia, hakuna aliyezungumzia jambo lingine.

"Mbona anakana kabla hajaulizwa?" Fusae alisema. "Nani alimwambia kuna mtu atapoteza kazi? Mtu akija mlangoni kwako akakwambia, jirani, mimi sijala samaki wako..."

"Kimbilia sufuria," Ruriko akamalizia, kijiti mdomoni.

"Ndiyo maana yake. Na fomu kaziondoa kwa nini? Hataki maandishi. Kesho akikugeuka, utaonyesha nini?"

"Labda amechoka kusoma habari za ufagio wako, shoga."

"Cheka tu. Yasuyo naye alicheka."

Ruriko akaacha kucheka. Tokie, ambaye hajawahi kuchangia maongezi ya namna hiyo, alikata chikuwa yake vipande viwili, kimoja akakiweka juu ya kifuniko cha Fusae, kama siku zote. Alikuwa na namna ya kula akiinamia bakuli, ungedhani anasoma kitu ndani yake.

Ijumaa, saa nne asubuhi, bosi alitoka kwenye duara. Alikuja moja kwa moja mpaka nafasi ya tatu.

"Hakamata-san, samahani kwa kukusumbua." Alimwita kwa jina la ukoo na ile "san" ya heshima, kama bosi anavyopaswa. "Rafu yako ya nyaya inatazama huku. Za wenzako zinatazama kule. Kwa nini?"

Rafu aliigeuza Fusae mwenyewe, ili mkono wa kushoto uzifikie nyaya za Tokie.

"Nimezoea hivyo, Mkuu."

"Kwa nini umezoea hivyo?"

"Mkono wangu wa kushoto ni mwepesi."

"Karatasi inasema wa kulia ndio uchukue nyaya. Kwa nini usiwe wa kulia?"

"Wa kulia una kazi ya utepe."

"Na wa kushoto una kazi gani?"

Ubao ulikuwa umesimama mbele yake. Pembeni, Tokie alikuwa ameganda, soketi mkononi.

"Unapumzika," Fusae alisema.

Amemiya alimtazama kidogo, wala si kwa hasira, akainama kwa adabu. "Asante. Nimejifunza."

Akarudi kwenye duara lake. Amejifunza nini? Fusae aliligeuzageuza neno hilo mpaka chakula kikamshinda. Mwenye macho haambiwi tazama, na yule bwana alikuwa na macho. Bila shaka alikuwa ameshaziona zile nyaya nne. Alikuwa anangoja tu kuziona mara ya pili, ili awe na hakika.

Kwa hiyo jioni, wakibadilisha viatu kwenye makabati, Fusae aliwakusanya.

"Jumatatu tufuate karatasi," alisema.

"Karatasi gani?" Ruriko aliuliza.

"Ya kazi. Hiyo iliyoning'inia juu ya kichwa chako miaka yote."

Kila nafasi ilikuwa na karatasi yake, imechorwa enzi za Kusaka, imegeuka rangi ya chai. Hakuna aliyekuwa ameisoma kwa miaka mingi, kama vile mtu asivyosoma namba ya nyumba yake mwenyewe.

"Yote?"

"Yote, hatua kwa hatua. Ikisema mkono wa kulia, ni wa kulia. Tumnyime la kusema."

"Basi nije na miwani," Ruriko alisema.

Wengine wakaafiki. Tokie aliangalia vidole vyake, akasema, "Sawa." Fusae alikuwa ameshapiga hesabu yake. Siku moja tu. Vidole vitauma, lakini siku moja hata jino linavumilika. Bosi ataziona nyaya kumi na moja kamili, ataridhika, atakwenda kuchora duara lake kwenye laini nyingine. Kumuuliza Tokie kama anaweza, hilo halikumjia akilini.

Jumatatu Fusae aliigeuza rafu yake upande wa wenzake, na kazi ikaanza kwa mujibu wa karatasi. Hakuna kiwanda kilichowahi kuona utiifu wa namna ile. Karatasi ilimtaka Ruriko achukue soketi kwenye kasha la chini kushoto. Kasha hilo liliondolewa miaka sita iliyopita, lakini Ruriko aliinama kila dakika, akaishika hewa, akainuka, ndipo akageukia kasha la kweli. Karatasi ilimtaka Fusae aweke chini utepe kila anapobadili waya. Aliuweka chini, akauokota, akauweka chini. Saa tatu walikuwa nyuma kwa mafungu ishirini. Ndipo kimuziki kikalia.

Juu ya laini ilipita kamba nyeupe. Kwa sheria, yeyote anayeona kasoro anaivuta, taa ya njano inawaka, kimuziki kinalia, laini inasimama. Kwa mazoea yaliyoachwa na Kusaka, aliyeivuta alionekana amejivua nguo hadharani, na kamba ilikuwa imeota vumbi. Tokie ndiye aliyeivuta.

"Waya wa tisa haujaingia," alisema. "Haukulia."

"Uachie upite!" Fusae alimnong'oneza, roho juu. "Mkaguzi ataukamata mwishoni."

"Na asipoukamata? Huo ni wa taa za breki."

Amemiya alifika mbio. Wote wakainamisha macho. Aliutazama waya, akainama mbele ya Tokie. "Asante kwa kuvuta, Ban-san."

Kabla ya mchana Tokie aliivuta kamba mara sita zaidi. Mara ya nne alikuwa akitokwa na machozi ya maumivu, lakini hakuna waya aliouachia. Kila mara bosi alikuja, kila mara alisema asante ile ile, na Fusae aliisikia asante hiyo kama mtu anayehesabu: moja, mbili, tatu. Alitaka ardhi ipasuke. Mpango alioutunga ili kumficha mwenzake ulikuwa umemweka mbele ya kila mtu, na taa ya njano juu ya kichwa chake.

Dakika kumi kabla ya kengele Amemiya alizima laini, akawaita wote watano wauzunguke ubao mmoja.

"Ijumaa mlimaliza mia nne na hamsini, hakuna aliyegusa kamba," alisema. "Leo mmefuata karatasi. Sijawahi kuona watu watiifu namna hii." Ruriko alikaza midomo. "Na tuko nyuma kwa sabini na tatu. Kwa hiyo karatasi ni mbovu. Nani atanionyesha kazi ya Ijumaa?"

Fusae alijua huu ndio mtego wenyewe, na alijua pia kwamba akikaa kimya mtego utamfunga Tokie, maana kamba ilivutwa mara saba na mkono mmoja. Alisogea mbele.

"Ni mimi, Mkuu. Nyaya nne za nafasi ya nne nazichomeka mimi. Rafu niliigeuza kwa sababu hiyo. Nilikudanganya, mkono wa kushoto haupumziki." Sauti yake ilikuwa juu kuliko alivyokusudia. "Tokie-san hana kosa, sikumwambia. Na kama hesabu zako zinataka mtu mmoja atoke, uniandike mimi. Yeye ana mgonjwa nyumbani. Mimi nina paka."

Alingoja bosi aseme. Aliyesema alikuwa Tokie.

"Nani amekuomba?"

Wote waligeuka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na miaka ya Tokie kukaa kimya ilikuwa mingi.

"Tokie-san, mimi nakutetea..."

"Nakuuliza, nani amekuomba? Mwaka wa pili huu unanichomekea nyaya zangu. Umewahi kuniuliza hata siku moja?"

"Niliona vidole vyako vinavyouma."

"Vidole vyangu navijua mimi. Kwa nini hukuniuliza?" Mashavu yake yalikuwa yamewiva. "Mimi nilidhani unanihesabia. Leo nyaya nne, mwakani sita, halafu unamwita bosi unamwonyesha: tazama, nafasi ya nne haina kazi, hata mtu mmoja anatosha. Ningekudhania nini kingine? Si wewe uliyemtoa Yasuyo?"

Fusae alipata aibu, kisha hasira, kisha aibu tena, kubwa kuliko ya kwanza. Alikumbuka vipande vyote vile vya chikuwa, mchana baada ya mchana, na akaelewa. Haikuwa shukrani. Mwenzake alikuwa akimhonga.

"Mimi..." alisema. "Mimi sikujua kama Yasuyo angetolewa..."

"Najua hukujua. Sasa hivi nimejua." Tokie alijifuta uso kwa mkono. Kisha akauingiza mkono huo huo mfukoni, akatoa kipande cha ubao, kimekatwa kwenye kibao kikuukuu cha kukatia mboga, kina tundu la mraba katikati na mfereji pembeni. Kilikuwa laini kwa kushikwashikwa. Akakiweka juu ya meza, akasimamisha soketi ndani ya lile tundu, akaulaza waya nene kwenye mfereji, akaubonyeza kwa kiganja. Si kwa kidole gumba, kwa kiganja. Ta!

Amemiya alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na meza. "Umekitengeneza lini?"

"Mwaka jana, wakati wa baridi."

"Kwa nini hukitumii?"

"Nikitumie lini? Kila ubao ukinifikia, zile ngumu zimeshachomekwa. Na nikionyesha kifaa, si naonyesha vidole?"

"Na leo? Leo zote kumi na moja zilikuwa zako."

Tokie akamtazama Fusae. "Leo Fusae-san alisema tufuate karatasi."

Ruriko alishindwa. Alicheka mpaka akashika ubao, na wale wawili wengine wakafuata, na hata bosi aliuma mdomo. Fusae peke yake hakucheka, ingawa alijua angekuwa mtu mwingine angecheka kuliko wote.

Siku zilizofuata Amemiya alileta maboksi makuukuu, mikasi na utepe, akawaambia waijenge laini wanayoitaka kwa maboksi kwanza, wajaribu, wabomoe. Ruriko alipandisha kasha lake usawa wa kiuno na kumtukana Kusaka kwa kila sentimita. Rafu zote zikageuzwa kama ya Fusae. Vibao vya Tokie vikatengenezwa vingine kumi, naye alivikataa vitatu kwa sababu mfereji ulikuwa na makali. Karatasi mpya za kazi waliziandika wenyewe, kwa penseli, bosi alisisitiza iwe penseli, ili kesho mtu akiona vingine afute. Fusae alifanya yote hayo vizuri, maana hawezi kufanya kazi vibaya hata akitaka, lakini macho yake hayakutoka kwa Amemiya. Mtego mzuri hauonekani kama mtego. Na Tokie alimwambia "habari za asubuhi" na "kwaheri", hakuna la katikati, na mchana alikula chikuwa yake nzima.

Ilipofika tarehe ishirini na mbili, mafungu mia nne na hamsini yalikuwa yakimalizika saa tisa kasorobo. Hakuna aliyelisema, lakini kila mmoja alikuwa ameshapiga hesabu kichwani, na jibu lilikuwa moja: kazi ya watano imekuwa ya wanne. Ruriko aliacha utani. Wale wawili wengine wakaanza kupunguza kasi, wakijishughulisha na utepe usiohitaji kukatwa. Fusae aliwaona na hakuwalaumu. Yasuyo alitoka kwa sekunde chache tu. Hapa zilikuwa zimepatikana dakika tele, na walizichimba wenyewe, kwa mikasi na kicheko.

Jumatatu ya tarehe ishirini na tano, mazoezi yalipokwisha, Amemiya hakuwaruhusu watawanyike.

"Laini ya tatu sasa inatosha watu wanne," alisema. "Mtu mmoja atatoka."

"Nilijua," Fusae alisema, na ilisikika. Kulikuwa na utamu mchungu ndani yake, ule wa mtu aliyeambiwa mara kumi kwamba hakuna mvua, kisha ikanyesha. Alisogea nusu hatua, akasimama mbele ya Tokie, bila kufikiri.

"Atakayetoka ni Hakamata-san."

Ruriko alimgeukia Fusae.

"Watu wengi humtoa aliye mzito," bosi aliendelea. "Halafu wanashangaa kwa nini kila mtu anaficha. Hapa atatoka aliye hodari kuliko wote. Kuanzia tarehe mbili Oktoba atakwenda laini ya pili, akafanye nao kama mlivyofanya hapa. Mkataba ni ule ule."

Fusae hakushangilia. Alimfuata bosi mpaka mezani kwake, akafunga mlango wa kioo nyuma yake bila kuombwa.

"Na kampuni kubwa ya magari inayonunua nyaya zetu ikipunguza oda?" aliuliza.

"Basi ile karatasi yangu ya ukutani haitatosha."

"Umeandika hakuna atakayepoteza kazi."

"Kwa sababu kazi imekuwa nyepesi. Hilo nalishika mimi, na nikilivunja unifukuze hapa kwa ufagio. Oda sizishiki mimi." Alisugua macho, alionekana mtu aliyechoka. "Siku hiyo ikija, nitakuja kuwaambia mwenyewe, kabla hamjasikia kwa mwingine. Zaidi ya hapo sina."

Fusae alilichunguza jibu hilo kila upande, akitafuta lilipofungiwa fundo. Lilikuwa jibu baya kuliko yote aliyowahi kupewa na bosi, na ndilo la kwanza aliloliamini. Aliliamini robo tatu. Robo iliyobaki akaiweka.

"Mkataba wa Tokie-san uko wapi?"

"Anao tangu Ijumaa."

Alikwenda kuhakikisha. Tokie aliutoa kwenye kabati, umekunjwa ndani ya kitambaa cha chakula, akampa. Fusae aliusoma mbele, akaugeuza nyuma, akaurudia, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Miezi sita. Jina sahihi, tarehe sahihi, muhuri haujapakwapakwa.

"Ni wa kweli," Tokie alisema. "Mimi mwenyewe niliusoma mara nne."

"Nisamehe," Fusae alisema.

"Kwa Yasuyo au kwa nyaya?"

"Kwa kutokuuliza."

Tokie aliukunja mkataba wake taratibu, pembe kwa pembe. "Mimi nami sikuuliza," alisema, akafunga kabati.

Asubuhi ya tarehe mbili Oktoba, kabla ya kwenda laini ya pili, Fusae alipita laini ya tatu. Alijiambia anapita tu. Alisimama mahali penye dirisha, pembeni ya nafasi yake ya zamani, ambayo haikuwepo tena, na kuwatazama. Ubao ulimfikia Tokie. Tokie akaweka soketi kwenye kibao chake. Ta, ta, ta. Zilipofika zile nne nene, mkono wa kushoto wa Fusae uliinuka wenyewe, ukaning'inia hewani, ukakosa pa kwenda. Ta. Ta. Ta. Ta. Kumi na moja, na dakika haijaisha. Ubao ukasukumwa, mwingine ukaja.

Alichokihisi hakikuwa furaha, ingawa furaha ilikuwemo. Muda wote ule aliamini kwamba akiuondoa mkono wake, mwenzake ataanguka. Aliusubiri ubao mwingine. Akausubiri na mwingine. Nyaya zote ziliingia.

"Fusae-san," Tokie aliita, bila kuinua uso kutoka kazini.

"Naam?"

"Sogea. Umenizibia mwanga."